Mtoto Anapogoma Kuvaa: Mhadhara kwa Wazazi wa Chekechea na Darasa la Kwanza

Ndugu wazazi na walezi, mtoto akikataa sare tunamwita mkaidi kabla hatujaikagua sare yenyewe. Leo jioni igeuzeni, ndani iwe nje, kisha mpitishe kiganja shingoni, kwapani na kiunoni. Lebo ya nailoni ikikatwa kwa mkasi huacha kisiki kinachochoma kuliko lebo nzima, kwa hiyo fumueni uzi wake mpaka itoke yote. Sare mpya huwa ngumu kwa dawa ya kiwandani. Ifueni mara mbili kabla ya kuvaliwa, na suuzeni mpaka maji yasiwe na povu, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huwasha. Soksi inayomuudhi kwenye vidole mvalisheni kinyume, mshono ukae nje. Sweta linalochoma lipate fulana ya pamba chini yake, nyeupe, ili shule isilalamike.

Nguo ikiwa salama, tazameni mikono. Watoto wengi hujua kuvua kabla ya kujua kuvaa, na kuna sababu: kuvua ni kuvuta tu, kuvaa ni kutafuta tundu usiloliona. Vifungo huwashinda wengi mpaka miaka minne au mitano, kamba za viatu huchelewa zaidi. Sasa mtoto wa miaka mitatu, saa kumi na mbili asubuhi, gari la shule linapiga honi, anaambiwa "vaa mwenyewe, wewe mkubwa." Atalia, na ana haki.

Fundisheni kuanzia mwisho. Kaptula mpandishie mpaka juu ya magoti, yeye aivute hadi kiunoni. Akizoea, mwachie kwenye vifundo vya miguu, halafu sakafuni, ameketi kwenye kigoda chenye ukuta nyuma yake asipepesuke. Hivyo kila asubuhi anayemaliza ni yeye. Tukifanya kinyume, tukamwacha aanze kisha tukamnyang'anya katikati kwa sababu tumechelewa, kilio huanzia hapo hapo.

Fulana itandazeni kitandani, picha ikitazama chini, pindo upande wa mtoto: kichwa kwanza, mikono baadaye. Shati lifungwe kutoka chini kwenda juu. Kule chini anakiona kifungo, na pindo mbili zinalingana. Akianzia kwenye kola, mwishoni kifungo kimoja hukosa mwenzake na kazi yote inarudiwa. Tundu jipya likibana, pitisheni kifungo mara kadhaa usiku uliotangulia. Ndani ya viatu chora doa kwenye kila kimoja, ukingo wa ndani, ili madoa yakikaribiana ajue miguu haijapishana.

Kuhusu uchaguzi nitasema kidogo. Sare haina mjadala, mpangilio unao: "Tuanze soksi au kaptula?" Swali la "unataka kuvaa nini?" msilitoe kama jibu lake mtalikataa.

Wa Njombe na Makete, kule kwenye baridi, mtaniuliza habari ya sweta analolikataa mwezi Juni. Mtoto aliyetoka kitandani na kukimbia huku na huku amepata joto, hatudanganyi anaposema hasikii baridi. Liwekeni juu kabisa kwenye begi, si chini ya madaftari, na mkumbusheni mlangoni. Mtoto mchanga ni habari nyingine: yeye huvalishwa, haulizwi.

Jioni ugomvi hugeuka, sare haivuliwi. Nguo za nyumbani ziwekeni karibu na mlango anaoingilia, avue kabla ya kula; doa la mchuzi kwenye shati jeupe likikauka linasumbua sana kutoka. Na kwa walio na mabinti wakubwa wanaopenda kaptula fupi sebuleni: msingoje mgeni apige hodi ndipo mfoke. Kubalianeni mapema vazi la chumbani na la sebuleni, kisha tundikeni kanga au dera kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pa kufikiwa kwa mkono mmoja.