Jumamosi Moja Posta Bila Shughuli

MAMA NEEMA: Msikilizaji, karibu katika kipindi chetu. Mimi ni Mama Neema, na kama ilivyo kawaida niko na mwenzangu wa maisha, Baba Neema. Leo tunazungumzia siku tuliyoitumia Jumamosi iliyopita katikati ya jiji la Dar es Salaam, sisi wawili tu. Tuliwaacha watoto kwa shangazi yao Tabata, tukapanda mwendokasi kutoka Kimara, tukaenda Posta bila shughuli yoyote ya kutupeleka huko.

BABA NEEMA: Maneno "bila shughuli" ndiyo yenye uzito, mke wangu. Sisi tunaoishi pembezoni tunaposema tunakwenda mjini, maana yake ni kufuata cheti, kulipa ada, kusimama kwenye foleni mbele ya dirisha, kisha kuwahi gari la kurudi kabla watu hawajajaa. Nimepita Mtaa wa Samora kwa miaka kumi na tisa nikiwa na bahasha mkononi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuinua macho kutazama kilichopo juu ya vibao vya maduka.

MAMA NEEMA: Tulianza kwa kutofautiana. Wewe ulitaka twende kwanza Old Boma kwa sababu ndilo jengo la zamani kuliko mengine, ili tuusome mji kwa mfuatano wa miaka, nami nikasisitiza tupande pantoni kwanza, tuvuke hadi Kigamboni na kurudi palepale.

BABA NEEMA: Na ninakiri mbele ya wasikilizaji kwamba ulikuwa sahihi. Wengi wetu tunakiona kivuko kama adha ya kuvumiliwa, lakini hakuna mahali pengine unapoweza kuuona mji huu kwa nauli ndogo kiasi kile. Ukiwa juu ya maji unauona mlango wa bandari ulivyo mwembamba na jinsi maji yanavyopanuka na kutulia ndani yake, na papo hapo unaelewa kwa nini Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, alipapenda mahali hapa jirani na kijiji cha Mzizima, akaamua kujenga mji wake wa bara.

MAMA NEEMA: Mimi nilikuwa nikiutazama mnara wa kanisa la Azania Front, pamoja na vile vipaa vidogo vya vigae vilivyo juu ya madirisha yake, na kando kidogo mnara mrefu uliochongoka wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897 na kukamilika mwaka 1902. Zamani, mabaharia walipoingia bandarini, bila shaka minara hiyo ndiyo iliyowapokea. Leo nyuma yake yamesimama maghorofa ya vioo, lakini ukiwa majini bado minara inaonekana iko mbele, kana kwamba maghorofa yameambiwa yasubiri.

BABA NEEMA: Tuliporudi upande wa Kivukoni tulitembea kwa miguu tukifuata ukingo wa bahari hadi Old Boma. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya kuwapokea wageni wa Sultani. Nilisimama nikaweka kiganja changu ukutani. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba ukiingia ndani jua la saa nne unalisahau. Mlango wake ni wa mbao zilizotiwa nakshi kwa namna ya Zanzibar, na siku hizi ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye picha na ramani zinazoonyesha jinsi mji ulivyokua.

MAMA NEEMA: Ningependa msikilizaji ajue pia habari ya jirani yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi. Hatua chache kutoka Boma kuna Atiman House, nyumba nyingine ya zama za utawala wa Zanzibar, ambayo baadaye ilinunuliwa na Wamisionari wa Afrika. Imepewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akawahudumia wagonjwa huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka sitini hadi alipofariki mwaka 1956. Hebu fikiria: nyumba iliyojengwa wakati biashara ya watumwa ikiendelea katika pwani hii, leo inaitwa kwa jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Nimepita mbele ya nyumba ile mara ngapi nikikimbilia kituo cha Posta ya Zamani?

BABA NEEMA: Hapo ndipo mkanda wa kiatu chako ulipokatika.

MAMA NEEMA: Ulikatika, na fundi viatu aliyeketi chini ya mwarobaini akaushona kwa muda usiozidi dakika kumi, huku akitueleza kwamba amekaa chini ya mti ule tangu ujana wake na ameyaona majengo matatu ya mtaa ule yakibomolewa. Alituonyesha kwa kidole mahali yalipokuwa. Nilimwona kama mlinzi wa kumbukumbu ambaye hakuna ofisi iliyomwajiri.

BABA NEEMA: Kutoka pale tulipanda hadi Samora. Barabara hii peke yake ni somo. Wajerumani waliipa jina la miti ya mikakaya, Waingereza wakalitafsiri jina hilo kwa lugha yao, baada ya uhuru ikaitwa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, na sasa inabeba jina la Samora Machel wa Msumbiji. Kila aliyeshika hatamu za nchi alianza na kibao cha barabara hii. Katikati yake, pale inapokutana na Mtaa wa Azikiwe na wa Maktaba, ndipo iliposimama Sanamu ya Askari.

MAMA NEEMA: Tulikaa pale karibu saa nzima, na msikilizaji atusamehe, tulibishana.

BABA NEEMA: Tulibishana kwa heshima. Kwanza tueleze historia. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Ilipelekwa Ulaya, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha katika miaka ya 1960. Mwaka 1927 ndipo alipowekwa askari huyu wa shaba nyeusi, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, ya kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi walioitwa miguu na mikono ya jeshi.

MAMA NEEMA: Hoja yangu ni hii. Waliokufa kwa wingi katika vita vile upande wetu hawakuwa wenye bunduki, bali wapagazi: vijana waliochukuliwa vijijini wabebe risasi na chakula porini, wakafa kwa njaa, kuhara damu na malaria. Sanamu inawataja kwa maneno, lakini aliyepewa umbo ni mwenye bunduki. Mpagazi hana uso. Nilisema pale, na nasema tena, kwamba sanamu ile ilijengwa na mtawala kwa ajili ya kujishukuru mwenyewe.

BABA NEEMA: Nami nikajibu kwamba, hata kama nia ya aliyeijenga ilikuwa hiyo, katikati ya jiji letu anasimama Mwafrika, si gavana, na jambo hilo mwaka 1927 halikuwa dogo. Vilevile nilikukumbusha kwamba wapagazi waliacha alama kubwa kuliko shaba yoyote. Kambi yao ilikuwa upande wa magharibi wa mji, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka katika vinywa vyetu likawa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu wanalitaja jina lao wanapokwenda kununua vitenge na vyombo.

MAMA NEEMA: Wanalitaja, mume wangu, lakini hawajui wanamtaja nani. Katika hilo bado sijakubaliana nawe.

BABA NEEMA: Na mimi sikuitafuta hoja ya kukushinda, niliitafuta ya kutufanya tuendelee na safari hadi Kariakoo kabla jua halijazama.

MAMA NEEMA: Kabla ya huko tulipita Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Sitaeleza mengi, kwa sababu makumbusho yanahitaji siku yake. Nitataja jambo moja. Fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, liliitwa Zinjanthropus, na sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na Zanj, jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu, na ndilo lililomo pia ndani ya jina Zanzibar. Kwa hiyo mmoja wa wakazi wa kale wa nchi hii amepewa jina la watu wa pwani.

BABA NEEMA: Chakula cha mchana tulikula upande wa Jamhuri na Zanaki, sehemu iliyoitwa Uhindini: pilau, kachumbari, kisha kachori moja moja na chai ya maziwa yenye tangawizi. Tulipomaliza tulitembea tukiwa tumeinua macho kweli, na huko juu kulikuwa na vibaraza vya mbao, madirisha ya matao, na kwenye baadhi ya nyumba mwaka wa ujenzi ukiwa umechongwa ukutani chini ya paa. Naomba niseme waziwazi kwamba linaniuma kuona nyumba za namna hiyo zikiangushwa moja baada ya nyingine ili kupisha majengo ambayo yangeweza kusimama katika jiji lolote duniani. Mji unahitaji nafasi, ninalielewa hilo, lakini nyumba iliyobomolewa hairudi, na mtoto wetu Neema hataamini tukimwambia kulikuwa na kibaraza pale.

MAMA NEEMA: Saa kumi na moja tulifika Mnazi Mmoja, na hapo ndipo siku yote iliponielea. Kule kwenye kituo cha urithi tulikuwa tumeiona ramani ya mji wa kikoloni: Uzunguni upande wa mashariki, baharini penye upepo, Uhindini katikati, penye maduka, na Uswahilini magharibi, yaani Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu kwa makusudi, uwe mpaka wa kuwatenga watu. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja.

BABA NEEMA: Na ukanda uleule uliowekwa ili kutenganisha ndio uliotumiwa na TANU kwa mikutano ya hadhara katika miaka ya 1950, Mwalimu Nyerere akihutubia umati uliotoka Kariakoo, hatua chache kutoka pale. Leo pana mnara wa kumbukumbu ya Mwenge wa Uhuru, pana watoto wanaocheza mpira, na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe.

MAMA NEEMA: Tulinunua vikombe viwili na kashata za karanga. Tuliketi kwenye ukingo wa saruji, miguu ikiuma. Ulinishika mkono, jambo ambalo huwa hulifanyi hadharani, nami nikahesabu kwamba tangu asubuhi tulikuwa tumetoka Uzunguni, tukapita Uhindini, tukafika ukingoni mwa Uswahilini, bila mtu kutuuliza tunakwenda wapi.

BABA NEEMA: Kwa msikilizaji anayetaka kwenda na mwenza wake: vaeni viatu vilivyoshonwa vizuri, anzeni kabla ya saa mbili asubuhi kwa sababu ya jua, msipige picha karibu na Ikulu, na mkiweza nendeni Jumamosi, makumbusho yakiwa wazi na magari yakiwa yamepungua. Sisi wawili, pamoja na nauli, kiingilio, chakula na fundi viatu, hatukufikisha shilingi 40,000.

MAMA NEEMA: Ongeza kwamba wasipange mambo mengi. Bustani ya mimea, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, hatukuiingia, tuliipita tu kwa nje. Ocean Road pia hatukufika.

BABA NEEMA: Tutafika. Shangazi yake Neema amekwisha kukubali kukaa na watoto Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na safari hii nitakuachia uchague pa kuanzia.

MAMA NEEMA: Pantoni tena.