Sambusa za Mvuke: Sufuria Moja kwa Bibi na Mjukuu

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi na walezi wenzangu mliofika jioni hii hapa Mtwara, nimeombwa nizungumzie chakula ambacho Wachina hukiita jiaozi na Wanepali momo, yaani unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, ukakunjwa juu ya nyama au mboga, kisha ukachemshwa au ukapikwa kwa mvuke. Nyumbani kwangu tunaziita sambusa za mvuke, kwa sababu anayejua kukunja sambusa tayari ana nusu ya ufundi mikononi.

Unga vikombe 2 hutaka maji karibu theluthi mbili za kikombe. Maji yakiwa ya moto, wanga huanza kuiva papo hapo na donge hulainika, hata jino la mtoto hulikata bila shida. Maji baridi hutoa donge linalovutana, ambalo hustahimili zaidi kuchemshwa. Lifunikeni kwa kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, maana donge lisilopumzika hurudi kila mkilisukuma.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni maji ya kabichi. Mara ya kwanza nilichanganya kabichi mbichi na samaki aina ya kolekole, na nilipofunua sufuria nikakuta ngozi za unga zimepasuka, zinaelea katika kitu kama uji. Siku hizi huikatakata kabichi, huinyunyizia chumvi kidogo, huiacha dakika 15, huisuuza, kisha huikamua ndani ya kitambaa kama tunavyokamua tui, mpaka lisidondoke hata tone. Samaki naye achambuliwe miiba kwa vidole, kwani macho hudanganya. (Pweza nampenda sana, lakini huyo tuwaachie wenye magego.) Korosho zetu nazo zinafaa, ila kwa watoto walio chini ya miaka 5 zisagwe ziwe laini kabisa, kwa sababu punje nzima au kipande huweza kumpalia mtoto, na ambaye hajawahi kuzila aonjeshwe kwanza korosho kidogo bila kitu kingine, maana ipo miili inayozikataa.

Wengi hukosea kwenye pilipili: huitia ndani, kisha humpikia mtoto chakula chake pembeni. Mimi husema pilipili na chumvi nyingi zikae kwenye kibakuli cha kuchovea, pamoja na ndimu au ukwaju, ili bibi achovee apendavyo na mjukuu ale ileile bila kuchovea.

Watoto wapeni kazi ya kulowesha ukingo kwa kidole na kuubana. Tandikeni jani la mgomba chini zisigande, mzipike kwa mvuke dakika 10, na ya mtoto ipasuliwe kwanza, kwa sababu ngozi hupoa upesi huku mchuzi wa ndani ukiwa bado unaunguza. Zitakazofumuka, na hazitakosekana, zitieni kwenye supu.