Kisu cha Kubangulia: Kongano la Korosho Linaanzia Wapi

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wanafunzi, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, mafundi na wabanguaji

Asalaam aleikum, na wengine Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa vikundi vya ubanguaji, nawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie kongano za viwanda, yaani wenye kazi ya aina moja kukusanyika eneo moja, na ukuaji wa uchumi wa mikoa yetu ya kusini. Neno kongano linatajwa sana siku hizi, na likitajwa watu huona eneo lenye uzio, barabara ya lami, transfoma na bango kubwa getini. Mimi naanza na hiki nilichokiweka mezani. Ni kisu cha mashine ya kubangulia, ile ya kukanyaga kwa mguu. Kitazameni kilivyopinda kufuata umbo la korosho. Kwenye mashine vinakaa viwili, kimoja chini na kimoja juu. Mama anaweka korosho katikati, anakanyaga, visu vinauma ganda, kisha anavuta mkono wa mashine na ganda linafunguka. Akikanyaga kwa nguvu kupita kiasi, korosho inapasuka. Akikanyaga kidogo, ganda haliachii.

Tofauti hiyo ya unyayo ndiyo fedha. Sokoni korosho nzima hupangwa kwa ukubwa. Daraja la W320 maana yake ni korosho 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani gramu 454. Ikivunjika inatoka kwenye daraja hilo na bei inashuka sana. Kwa hiyo ninapomwona mama aliyebangua miaka kumi, naona mtaji ambao hakuna benki iliyouandika popote.

Mchumi wa Uingereza, Alfred Marshall, alieleza tangu 1890 kwa nini kazi moja huganda mahali pamoja, kama kazi ya kutengeneza visu ilivyoganda katika mji wa Sheffield. Wenye ujuzi wanakuwa wengi, wauza vifaa wanasogea karibu, na maarifa ya kazi yanasambaa mtaani hadi watoto wanayapata bila kufundishwa darasani. Angalieni kwamba katika hayo yote jengo halijatajwa.

Sisi tulianza na jengo. Miaka ya 1970 nchi yetu ilikopa Benki ya Dunia na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kusini, kwa mitambo ya Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 tulikuwa tumevuna takribani tani 145,000, na hesabu ya viwanda ilipigwa kwa kuamini mavuno hayo yangedumu. Lakini watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki porini mbali na wenyewe. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ukakausha maua kabla hayajashika. Msimu wa 1986/87 tulipata kama tani 16,500 tu. Mtambo ukiharibika, fundi wake yuko ng'ambo na kipuri chake kiko ng'ambo. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Wengi wenu mmekua mkipita kando ya mabati yake.

Kabla ya hapo palikuwa na karanga za Nachingwea. Mradi ule wa Waingereza, ulioanza 1947, ndio uliotuletea bandari hii na reli ya kwenda bara. Karanga hazikutoa kitu, reli ikang'olewa. Bandari imebaki kwa sababu kina cha maji ni cha Mungu.

Sasa nataka mlinganishe na jambo lililofanikiwa, kwa sababu tunalo, tena liko jirani. Pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, watafiti wetu walikaa na ubwiriunga miaka mingi. Wakajua ni wakati gani wa kupuliza salfa, wakajua miti ipi inastahimili, wakatoa vikonyo, yaani vijiti vya miti mizuri, vya kubebesha miche. Maarifa yale hayakubaki kwenye makabrasha. Yalishuka Tandahimba, Newala na Masasi mpaka leo mtoto wa darasa la sita anakwambia kwa kutazama ua kwamba mti huu unahitaji kupulizwa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka hapa. Lile ni kongano tayari, ndugu zangu: watafiti, wauza salfa, vijana wenye mashine za kupulizia, mafundi wa kuzitengeneza. Tumekuwa mabingwa wa mti. Ila korosho ikishaanguka chini, tunaiachia iende zake.

Inaenda ikiwa ghafi, yaani na ganda lake, haijabanguliwa. Ili upate kilo moja ya korosho safi unahitaji kilo nne mpaka tano za ghafi. Maana yake, katika kila meli inayoondoka hapa, mzigo mwingi ni ganda. Kule Kollam nchini India walikuwa wakibangua korosho za Afrika Mashariki tangu kabla ya uhuru wetu. Vietnam walichelewa kuingia, lakini 2006 waliipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na nyingi wanazobangua wanazinunua Afrika. Walichofanya ni kwamba mafundi wao wa gereji walifungua mashine, wakaigiza, wakakosea, wakarekebisha, mpaka wakawa wanaunda zao wenyewe.

Ndiyo maana nimekuja na kisu hiki. Msimu uliopita nilikwenda kwenye kikundi cha akina mama nje kidogo ya mji wa Newala. Mashine tatu, mbili zimesimama. Visu vimevunjika wiki ya tano sasa, kipuri kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Akina mama wamekaa, mikono wameipaka mafuta ya kupikia ili yale mafuta ya ganda yasiwaunguze, lakini hakuna cha kubangua. Mmoja wao akachukua kisu kilichovunjika, akakifunga kwenye kanga, tukaenda naye mjini kwa kijana anayechomelea mageti.

Kijana alikata kipande cha springi ya lori iliyokufa, akakipasha moto, akakikunja. Jioni wakakifunga. Kikavunja korosho zote. Mama akarudi kesho yake, akamwonyesha kwa kiganja: hapa pamekuwa bapa, hapa pazamie kidogo. Kijana akarudia. Cha pili kikafanya kazi. Cha tatu kilikuwa kizuri kuliko kile cha dukani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza mbanguaji pembe inayomfaa.

Mimi nimesoma uchumi miaka mingi na sijaona somo zuri la ubunifu kuliko jioni ile. Kwa hiyo SIDO, shirika la viwanda vidogo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na halmashauri zinapopanga maeneo ya viwanda, naomba kwa moyo wote waanze kwa kuwaweka watu hawa wawili karibu, wapate umeme, wapate chuma kizuri, wapate oda. Vyama vya msingi vitenge korosho za kubanguliwa hapa kabla ya mnada, maana kikundi kisicho na fedha ya kununua mzigo Oktoba hakina kazi Machi.

Na ganda tusilitupe. Mafuta yake hutumika kwenye rangi na breki za magari. Leo linachomwa nyuma ya nyumba, moshi wake unawasha macho na vifua vya watoto. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, nayo yanaoza chini ya miti kila msimu, wakati yanatoa juisi na jemu. Hayo yatakuja, lakini yatakuja kwa wenye mikono iliyokwisha kuzoea kazi.

Sasa naomba kisu hiki kipite mkono kwa mkono, mkishike taratibu, ukingo ni mkali. Aliyekitengeneza amekaa safu ya nyuma, shati la bluu. Mama aliyemwelekeza yuko hapa mbele kulia. Mwenye swali kuhusu pembe ya kukikunja amuulize yeye.