Mnakumbuka Taulo, Mnasahau Benchi

Asanteni, kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na sauti yangu si ya Thompson.

Nimeombwa nimzungumzie Kocha John Thompson wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, halafu nijibu swali ambalo mashabiki wa Washington wanaulizana kila Machi, timu inapoachwa nje ya mashindano ya taifa: mbona hatupati tena wachezaji? Historia mnaijua, siwasomei. Mwaka 1972 alikabidhiwa timu iliyotoka kushinda mechi 3 na kupoteza 23. Alipoondoka Januari 1999 alikuwa ameshinda 596, amefika fainali tatu ndani ya miaka minne na kuchukua ubingwa wa 1984. Agosti 2020 akafariki. Tangu hapo, akitajwa tu, mkono wa mtu unapanda begani kuonyesha lile taulo jeupe alilokuwa akilitundika begani kwenye mechi. Sina ugomvi na taulo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayelikumbuka benchi lililokuwa nyuma ya taulo.

Nimeshasema, nitasema tena mpaka mnichoke: ugonjwa wa Georgetown si kusajili. Ni kubakiza. Sisi neno usajili tumelizoea kwa Simba na Yanga. Dirisha linafunguliwa, mchezaji anashuka uwanja wa ndege, anavishwa skafu, picha inapigwa, shabiki analala usingizi mzuri. Thompson hakuwa akifanya kazi hiyo. Alikuwa anapanda minazi, na ninyi mnamuuliza kocha wa leo kwa nini mchicha wake haujawa mnazi.

Chukueni Dikembe Mutombo. Nawaona mnacheka, mlijua nitafika huko. Nitafika, na nitakaa.

Kijana wa Kinshasa, anaingia Georgetown 1987 akiwa na miaka 21 na urefu wa futi 7 na inchi 2. Hakuja kucheza. Alikuja kwa ufadhili wa USAID, shirika la misaada la Marekani, nia yake ni udaktari. Kifaransa anacho, Kitshiluba anacho, Lingala anayo, Kiingereza hana. Mtu wa ubalozi wa Marekani kule Kinshasa ndiye aliyempenyezea Thompson habari zake. Usajili wenyewe ndio huo. Hakuna kamera, hakuna kofia tano za vyuo vitano mezani kijana achague moja.

Sasa fuateni hesabu. Mwaka wa kwanza, 1987–88, hachezi hata dakika moja. Kwa nini? Kanuni ya 48 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliyoanza kutumika 1986, ilimtaka mwanafunzi mpya awe na wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi, pamoja na alama 700 za SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani. Mutombo hakuwa ameufanya mtihani huo. Huna alama, huchezi. Akakaa mwaka mzima akijifunza Kiingereza. Mwaka wa pili anaruhusiwa, lakini mwaka huohuo ameletwa Alonzo Mourning kutoka Virginia, naye ni senta, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, tena gumzo la nchi nzima. Mutombo anaanzia benchi. Anapata dakika 11 kwa mechi, pointi 3.9, ribaundi (mipira anayoidaka mtupo ukikosa) 3.3. Andikeni hizo namba. Kuna usiku mmoja wa Januari 1989, dhidi ya St. John's, aliozuia mitupo 12, lakini usiku mmoja si msimu.

Mwaka wa tatu: pointi 10.7, ribaundi 10.5. Mwaka wa nne: pointi 15.2, ribaundi 12.2, na mitupo 4.7 anaizuia kila mechi. Mwaka 1991 Denver wakamchukua wa nne kwenye uteuzi wa NBA, ambapo timu za ligi hiyo ya kulipwa huchagua vijana kwa zamu, naye anaondoka na shahada ya isimu na diplomasia. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake mnaijua.

Mchukueni sasa Mutombo huyohuyo mumlete mwaka huu. Amekaa miaka miwili chuoni, anacheza dakika 11, ana pointi 3.9. Msimu unakwisha, dirisha la uhamisho linafunguka. Zamani aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, na hicho ndicho kilikuwa kizingiti. Mwaka 2021 kikaondolewa kwa anayehama mara ya kwanza. Aprili 2024 kikaondolewa kwa kila anayefaulu masomo yake, ahame mara ngapi apendavyo. Kwa hiyo simu inalia. Chuo fulani kinamwambia: kwetu dakika 25, na pesa hii hapa. Mnazi unang'olewa ukiwa na majani manne. Nazi za mwaka wa tatu na wa nne zinaangukia shamba la jirani. Halafu shabiki anaandika kwamba kocha hajui kusajili!

Namsikia mtu pale pembeni: "Iverson je? Mbona aliondoka baada ya miaka miwili?" Kweli. Allen Iverson alicheza 1994 hadi 1996 akaenda NBA, na ndiye wa kwanza kumkimbia Thompson mapema namna ile. Lakini aliondoka akiwa wa kwanza kabisa kwenye uteuzi. Huyo alishakomaa, alichumwa. Mimi nazungumzia aliyeng'olewa akiwa mche, tena na mpinzani wako. Na kwa kuwa mmenichokoza: miaka ya mwisho ya Thompson mwenyewe haikuwa asali. Msimu wa 1997–98 ulikuwa ushindi 16 na vipigo 15. Tusimfanye mtume.

Alibakizaje watu? Mnadhani ni kwa kufoka. Kufoka alifoka sana. Lakini benchini kwake aliketi mwanamke aliyeitwa Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, aliyetoka naye shule ya St. Anthony, alikofundisha kabla ya Georgetown. Kazi yake haikuwa mpira. Ilikuwa vitabu: nani kaingia darasani, nani hakuingia, insha ya nani imechelewa. Mchezaji aliyezembea masomo alianza kuongea na Bi Fenlon kabla ya kuongea na kocha. Ofisini kwa Thompson kulikuwa na mpira usio na upepo, umewekwa makusudi, ili kijana ajiulize siku upepo ukiisha atabaki na nini. Waliokaa miaka minne, asilimia 97 walipata shahada. Mzazi akiulizwa kwa nini mwanawe asihame, jibu lilikuwa hilo. Leo jibu hilo halina nguvu ileile, maana alama za masomo zinahamishika na shahada inamaliziwa popote. Nakubali. Lakini liliwabakiza watu.

Patrick Ewing, senta wa ule ubingwa wa 1984, alipatikana hivyohivyo mwaka 1981. Kocha wake wa sekondari kule Cambridge, Massachusetts, aliviandikia vyuo barua kueleza msaada wa masomo ambao kijana angehitaji. Barua ikavuja, watu wakamcheka kijana. Georgetown hawakucheka, wakasema msaada huo tunao. Miaka minne, ushindi 121, vipigo 23, na shahada mwaka 1985.

Na ile siku ya taulo mnayoipenda, Januari 14, 1989, Thompson alipotoka uwanjani kabla ya mechi na Boston College, mnajua aligomea nini hasa? Wengi wanasema "ubaguzi", wanaishia hapo. Tazameni mtambo wenyewe. Kanuni ya 48 ilikuwa inasema: alama zako hazitoshi, kaa mwaka usicheze, lakini ufadhili unaweza kuupata. Kanuni ya 42 ikaja kusema: hata huo ufadhili, hakuna. Maana yake mwaka wa kukaa na kusoma unabaki kwa mwenye baba wa kulipa ada. Kijana maskini, na wengi wao walikuwa weusi, anafungiwa mlango. Thompson aliacha kiti chake kwa ajili ya kiti cha benchi. Mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa.

Tuje kwenye hesabu ya dakika, maana hapa ndipo makocha wanapofia. Mechi ya chuo ni dakika 40, watu watano uwanjani: dakika 200 za kugawa. Si 201. Wape watano wa kwanza dakika 31 kila mmoja, umemaliza 155. Zimebaki 45. Wape watatu wa akiba 13 kila mmoja, hizo ni 39. Zimebaki 6. Kwa miaka mingi nafasi za ufadhili zilikuwa 13, kwa hiyo una vijana watano wanaogombea dakika 6. Chini ya utaratibu wa mwaka 2025, kikosi kinafika 15: vijana saba, dakika zilezile 6. Enzi ya Thompson hao watano walikuwa timu ya miaka miwili ijayo. Leo ni orodha ya wanaoaga. Kila Aprili kocha anajaza viti vinane au tisa badala ya vitatu, na dirisha limekuwa likifupishwa, kutoka siku 60 hadi 45, kisha 30, na mwaka 2026 hadi 15. Ukijaza viti tisa kwa siku chache hivyo utakosea vitatu. Ukikosea senta, msimu umekwisha.

Mfano upo nyumbani. Ewing alirudi kama kocha 2017. Mac McClung na James Akinjo, walinzi wake wawili, wakahama. Machi 2021 akashinda mashindano ya Big East, ligi ya vyuo ambayo Georgetown inacheza, akiwa ameingia kwenye nafasi ya nane, watu wakalia kwa furaha. Baada ya wiki chache senta wake, Qudus Wahab, akahamia Maryland. Msimu uliofuata: mechi 19 za ligi, ushindi sifuri. Sifuri! Wahab akarudi 2022, lakini anayerudi anaikuta nyumba imeshaungua. Ewing alifukuzwa Machi 2023. Namtetea? Kidogo. Kikosi kilikuwa kibovu hata kwa kukaba, na hilo si la dirisha. Ila kusema hakujua kusajili, huku wale aliowasajili wanang'ara kwa jirani, ni kumwonea.

Ed Cooley, aliyemrithi, naye alianza kwa ushindi 9 na vipigo 23, akapanda hadi 18 na 16. Thomas Sorber, senta wake kijana, alicheza msimu mmoja akachukuliwa wa 15 na Oklahoma City ya NBA mwaka 2025. Huyo alichumwa, sina neno.

Muda unanitupa mkono, yaliyobaki niyakimbie. Pesa: tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa, kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025–26, kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Mnasema Georgetown haina mamilioni ya soka la Kimarekani. Ndiyo, lakini pia haina timu kubwa ya soka ya kugawana nayo fungu hilo. Kisingizio hicho tuache. Wachezaji wa Washington yenyewe: Kevin Durant, nyota wa NBA, alizaliwa pua na mdomo na Georgetown, akaenda Texas. Hapo nilitaka niseme juu ya DeMatha, shule ya sekondari iliyo jirani na Washington, na uhasama wa Thompson na kocha wao, lakini mwenye ukumbi ameshaanza kuangalia swichi.

Kwa wazazi, maana najua ndio mliojaza viti hivi. Ili acheze chuoni, kijana anahitaji masomo 16 ya msingi yenye wastani wa 2.3, kumi kati yake yakamilike kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. SAT haitakiwi tena kwa ajili ya kucheza, tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Makocha wanaruhusiwa kumpigia simu kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Akija kwa visa ya mwanafunzi, F-1, kama wengi wanaotoka kwetu, asisaini tangazo lolote la kulipwa akiwa ndani ya Marekani kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo na mwanasheria wa uhamiaji hawajausoma mkataba, kwa sababu visa hiyo ina masharti makali ya kazi, na kocha aliyemwahidi pesa si yeye atakayerudishwa nyumbani. Na mkikaa na kocha sebuleni, msimuulize atampa kijana pesa ngapi tu. Mwulizeni, wale walioingia naye mwaka juzi, wangapi bado wapo?

Haya, maswali. Wewe mwenye jezi ya Syracuse, wapinzani wetu wa jadi, utasubiri.