Fundi Wako Umeshamlipa?

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni, kaeni. Wengi mnajua nitasema nini, maana nilishalisema kwenye semina ya akina baba, nikalisema kwa vijana, na leo nalisema tena. Mkiniuliza imani inaongozaje maisha ya kila siku, mimi sianzii kwenye mkesha wala kufunga, naanzia kwenye hela ya mtu iliyoko mfukoni mwako.

Kuna fundi alinipigia plasta ukuta wa uani. Kazi safi kabisa. Nikabakiza elfu sabini, nikamwambia njoo Ijumaa. Ijumaa ikapita, ikaja nyingine, mwishowe nikawa nikiona namba yake naiacha iite mpaka ikate. Mwezi huohuo tukawa na harambee ya kupaua kanisa, nikasimama nikatoa laki moja keshi, vigelegele vikapigwa. Jioni mke wangu ananiambia, baba, yule fundi alikuwepo, alikaa benchi la nyuma.

Sikulala. Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka kwake, nikampa hela yake, nikamwomba radhi. Akapokea kwa mikono miwili, akasema mzee mimi nilishakusamehe, ila wale saidia fundi wawili walibeba mchanga kutwa nzima, nikawalipa kwa hela ya kukopa kwa mangi mwenye duka, na mangi mpaka leo ananidai. Yaani mimi nimenyamaza na simu yangu huku, kule kuna mtu anapita njia ya nyuma kukwepa duka! Na katika ile laki ya bati, elfu sabini haikuwa yangu.

Somo lenyewe halijafichwa. Walawi 19:13, ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema hata jua lisichwe, kwa sababu yule ni maskini na moyo wake anautumainia huo ujira. Na Zakayo, yule mtoza ushuru, kabla hata Bwana hajatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile, alishataja kurudisha mara nne alichomnyang'anya mtu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, lakini mafundi nao waongo, wanachukua advansi wanapotea. Sawa, wapo. Ila wako alimaliza kazi au hakumaliza? Kama alimaliza mlipe, uongo wa mafundi wengine usimbebeshe yeye. Mwingine anasema na mimi bosi wangu hajanilipa. Pole sana, kweli naelewa, basi mwite yule dada anayekulelea mtoto, mwambie ukweli, mpangiane tarehe, usimwache anahesabu siku peke yake jikoni huku kwao wanampigia simu mdogo wake anahitaji daftari. Huyo dada anasali na nyinyi sebuleni kila usiku! Anasema amina kwenye sala ya mtu aliyekaa na mshahara wake wa miezi miwili. Hapa huwa nakosa uvumilivu, mnisamehe.

Wazee waliotutangulia walilijua hili. Ule uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda, ukavuka mpaka ukaingia Bukoba, watu waliutambua kwa kitu gani? Waliimba, ndiyo, walilia, ndiyo, lakini waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni. Wakaita kutembea nuruni. Jirani asiyejua hata mstari mmoja wa Biblia akiona jembe lake lililopotea linarudishwa mlangoni anajua kuna kitu kimetokea.

Nilikuwa niongelee pia mambo ya kukubali uhamisho wa kazi, na kuchagua shule ya watoto, lakini naona saa inanikimbiza. Kwa kifupi tu, Yakobo 4 inasema tuseme Bwana akipenda, hivyo kabla hujasaini, kaeni na mwenzako muombe, muulizane hii kazi itatuacha na jioni ngapi za kula pamoja. Ya uchumba tutaongea siku nyingine na vijana.

Sasa kabla ya sadaka. Mathayo 5 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Mimi naomba leo tuifanye hivyohivyo ilivyoandikwa. Tukae kimya dakika tatu, kinanda kisipigwe. Toa simu, tafuta ile namba unayoiachaga iite, toka nje umpigie. Wahudumu, milango iacheni wazi, vikapu visianze kupita mpaka watu warudi.