Mwangalieni Nani?

Tumsifu Yesu Kristo!

Somo tulilopewa ni 1 Timotheo 4:12. Paulo anamtaka Timotheo awe kielelezo kwao waaminio katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Naanza na mwenendo, na wanaonifahamu wanajua nitakawia hapo, maana hapo ndipo tunapoumia.

Kuna kauli imezoeleka makanisani mwetu: "Msituangalie sisi wanadamu, mwangalieni Yesu." Mtu kakopa, kadaiwa, anajibu hivyo. Kauli hiyo naikataa, na nitaikataa mpaka mnizike. Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Jirani yako ambaye hajawahi kushika Biblia, huyo Yesu atamwona wapi? Anakuona wewe, asubuhi, ukivuka barabara ili usipite mbele ya duka lake.

Niwaeleze habari ya fundi mmoja wa cherehani, mama Mwislamu, analea watoto kwa kazi yake. Kwaya moja ilimpa kazi ya kushona sare. Akalipwa nusu, nyingine wakati wa kuchukua. Jumamosi usiku zikachukuliwa haraka haraka, kesho kuna uzinduzi wa albamu, "Mama, tutamalizana Jumatatu." Wakamwalika, naye akaja. Akakaa pale akiitazama mishono yake mbele ya madhabahu, kwaya inaimba juu ya uaminifu wa Mungu, watu wanatoka kutunza kwa noti. Jumatatu akaenda kwa mweka hazina, akatumwa kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hii ni kazi ya Mungu, utabarikiwa."

Ndugu zangu! Mungu hakukopa nguo kwa yule mama. Torati iliagiza ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Siku ile ya uzinduzi, basi, mbele za Mungu zilisikika sauti mbili, ya kwaya na ya ujira ule. Na mama yule akisikia tunahubiri mtaani kwake, mnataka asikilize nini?

Najua yupo anayesema moyoni, "Mzee, tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo." Kweli kabisa, Waefeso 2:8 na 9. Mbona hamfiki mstari wa 10? Tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema! Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, hakununua wokovu. Alimpokea Yesu kwa furaha, ndipo mwenyewe akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemdai siku hiyo.

Na tusikimbilie kusema hayo ni ya Yeriko. Ule Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea Kenya na kwetu Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hili. Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, walitubu hadharani, kisha wakainuka kwenda kurudisha: aliyeiba kwa mwajiri alirudisha, mwenye deni alilipa, waliokuwa hawasalimiani walitafutana. Wapo waliowaona kuwa wamezidi, na ndani ya kanisa lenyewe walipingwa. Lakini mtu aliyerudishiwa mali yake hakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba fulani ameokoka. Sisi tumerithi nyimbo zao na salamu zao. Kurudisha tumewaachia wao.

"Mzee, sina fedha." Sawa, nenda kamwambie hivyo anayekudai. Kaa mbele yake, mpangane hata kidogo kidogo. Anayekuja mwenyewe husikilizwa. Anayezima simu ndiye anayeliaibisha jina la Kristo.

Usemi: ukiahidi, timiza, na usiyoweza usiyaahidi. Upendo anzeni nyumbani, kwa namna mnavyosema na dada wa kazi. Imani... naona mwongoza kipindi ameshasimama. Imani na usafi mchungaji atawafundisha kesho, ana nafasi ya kutosha.

Viongozi wa kwaya, ombi langu kwenu: baada ya baraka msiondoke. Tukutane ofisini, na mweka hazina aje na daftari la sare.