Katuni Si Kazi ya Kusukuma Siku

Nimealikwa nizungumzie kazi za J. Michael Straczynski wa Marekani, na naona kwenye bango mmemwita "mwandishi wa filamu". Haya. Ila mimi nitazungumzia katuni, na wanaonifahamu walishajua tangu walipoona jina langu.

Maana kila nikikutana na waandishi chipukizi, swali ni lile lile: nifanyeje niandike filamu? Nikimwambia mtu aanze na katuni za watoto, au hadithi za picha, anakunja uso kama nimemtukania mama. Eti hizo ni kazi za kusukuma siku. Sasa huyu mnayemwandika kwenye bango, miaka ya 1980 alikuwa akiandika He-Man, kisha She-Ra, kisha The Real Ghostbusters. Katuni tupu.

Na mnajua alivyoondoka Ghostbusters? Kituo cha televisheni kilileta washauri. Washauri wakasema Janine, yule katibu wa ofisi mwenye mdomo mkali, alainishwe, awe kama mama wa kundi. Na miwani yake yenye ncha ibadilishwe iwe ya mviringo, kwa sababu watoto wanaogopa vitu vyenye ncha. Jamani! Kipindi chenyewe ni cha mizuka. Mtoto anatazama mazimwi yakitoka ukutani, halafu miwani ya katibu ndiyo imkoseshe usingizi? Straczynski akaondoka. Mtasema, ugomvi wote huo kwa miwani? Ndiyo. Ukimpoza Janine, vichekesho vyake vimekufa vyote, kwa kuwa anachekesha pale anapomjibu bosi wake. Straczynski alimjua mhusika wake hadi kwenye fremu ya miwani. Anayesukuma siku angebadilisha miwani, akapokea hundi yake, akaenda zake.

Tuje kwenye hadithi za picha, na hapa naomba mnivumilie. Chukueni sentensi hii: "Mama anafungua mlango, anaona kitanda kitupu, anapiga kelele." Kwenye skripti ya filamu ni mstari mmoja, imekwisha. Mpelekee mchoraji wa hadithi za picha kama maelezo ya kisanduku kimoja, atakurudishia, na akiwa mkali atakurudishia na maneno. Achore lipi? Mkono kwenye kitasa? Kitanda? Mdomo uliofunguka? Kisanduku hakina "kisha". Unachagua kitendo kimoja, na ukitaka vyote vitatu unalipa visanduku vitatu, wakati toleo la kawaida la Marekani lina kurasa kama 22 tu. Halafu swali la pili: kitanda kitupu unakiweka wapi? Ukikiweka ukurasa wa kulia, jicho la msomaji limeshakidokoa kabla hajafika mlangoni. Kiweke juu kabisa ya ukurasa wa kushoto, akutane nacho anapofunua. Halafu mwambie mama anyamaze, kwa sababu ukimwandikia kiputo cha "Mungu wangu, mwanangu hayupo!" umemweleza msomaji kile anachokitazama.

Namsikia bwana mmoja pale nyuma: filamu inatembea, kisanduku kimesimama, vinahusianaje? Vinahusiana hivi, bwana: mtu aliyelazimishwa miaka mingi kuchagua tukio moja kati ya matatu hawezi tena kuandika ukurasa mzima wa watu wanaoingia, wanaketi na kuulizana hali. Straczynski aliandika hadithi za picha za The Amazing Spider-Man kuanzia 2001 hadi 2007. Mwaka uliofuata ikatoka Changeling, filamu aliyoiandika yeye, iliyoongozwa na Clint Eastwood, Angelina Jolie akiwa mbele. Na filamu hiyo ni ya nani? Ni ya mama aliyerudi nyumbani asimkute mwanawe.

Hadithi ni ya kweli. Los Angeles, 1928, mtoto wa Christine Collins alipotea. Polisi wakamletea mtoto mwingine, na aliposema huyu si wangu, wakamfungia wodi ya wagonjwa wa akili. Straczynski alipata kuwa mwandishi wa habari, na mtu wake wa ndani alimtonya kwamba nyaraka za kale za jiji zilikuwa karibu kuteketezwa. Akaenda kuzisoma. Alikusanya kurasa zipatazo 6,000, halafu rasimu akaiandika kwa siku 11. Wengi mnashika hizo 11 na kuziacha 6,000! Na alichofanya ndani ya skripti ndicho ninachokipenda: kila baada ya kurasa 15 au 20 alipachika nakala ya gazeti la wakati ule, ili msomaji wa studio asije akasema "hili haliwezekani". Mtu wa maneno matupu asingewaza kupachika picha kwenye skripti.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Basi Babylon 5, tamthilia yake ya televisheni ya anga za juu, kwa haraka, na mashabiki wake mnisamehe. Vipindi 110, yeye mwenyewe kaandika 92. Hadithi ilipangwa mapema iende miaka mitano, na kila mhusika mkuu akawekewa mlango wa dharura, mwigizaji akiondoka hadithi isianguke. Mwigizaji mkuu, Michael O'Hare, aliondoka baada ya msimu wa kwanza, mlango ukatumika. Msimu wa nne wakahofia kufutwa, wakarekodi kabisa kipindi cha kufungia hadithi. Ulipopatikana msimu wa tano, kipindi hicho kikawekwa kabatini na kingine kikaandikwa kuziba nafasi yake. Hilo lina mhadhara wake peke yake.

Nilikuwa pia na jambo la haki za kazi, nani anamiliki mhusika uliyembuni, lakini tukiligusa tutalala hapa. Maswali. Wewe mwenye daftari, na tafadhali usiniulize namna ya kumpata wakala kabla hujaniambia umeandika nini.